Pole, Radhi na "Sorry": Neno Moja, Matendo Mawili

Utangulizi

Mwanafunzi aliyekuwa akishuka ngazi za jengo la mihadhara alijikwaa, vitabu vyake vikatawanyika sakafuni. Mwenzake aliyekuwa hatua chache nyuma akasema kwa Kiingereza, "Sorry!" Mhadhiri mgeni kutoka Uingereza, aliyekuwa akipita, akamgeukia huyu wa pili na kumtuliza: kosa halikuwa lake, basi hakuwa na sababu ya kuomba radhi. Vijana wale wakatazamana. Kwao hapakuwa na mtu aliyeomba radhi; palikuwa na mtu aliyetoa pole.

Kisa cha namna hii si kigeni kwa msomaji wa Afrika Mashariki, na aghalabu huishia katika kicheko. Mwalimu wa Kiingereza hukiorodhesha miongoni mwa athari za lugha ya kwanza, akamsahihisha mwanafunzi, na mambo yakaisha. Makala haya yanashikilia kwamba mambo hayaishi hapo. Chini ya kosa hilo dogo la matumizi pana swali zito la kimaadili: je, kumsikitikia mtu na kukiri kwamba umemkosea ni tendo moja au ni mawili? Na ikiwa ni mawili, nini hutokea yanapotiwa ndani ya neno moja?

Tutalikabili swali hili kwa hatua nne. Kwanza, tutachunguza asili na maana za neno "sorry". Pili, tutalilinganisha kisarufi na maneno ya Kiswahili yanayotumiwa kulifasiri. Tatu, tutatazama jinsi neno hilo na jamaa zake walivyotumiwa na serikali zilizokuwa na deni la kulipa. Mwisho, tutaipima lugha yetu wenyewe kwa mizani ileile, kwa kuwa si uadilifu kumpimia mwenzio kwa pishi usiyoikubali nyumbani kwako.

Asili na Maana za Neno

Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa "sarig", nalo lilitokana na "sar", yaani maumivu au kidonda. Mzizi huohuo ndio uliozaa neno la leo "sore". Msomaji wa kawaida hudhani kwamba "sorry" ni mtoto wa "sorrow", yaani huzuni. Sivyo. Maneno hayo mawili yana asili mbalimbali, ila yamekaribiana kwa sauti na kwa maana hata yakaonekana kuwa ndugu. Jambo la kushika hapa ni kwamba neno tunalolichunguza lilianza kwa kutaja maumivu ya yule anayelisema. Kosa halikuwamo, wala hapakuwamo mtu wa pili.

Kutokana na kiini hicho neno limetanda. Leo lina angalau maana tano zinazotumika. Ya kwanza ni huzuni au huruma kwa lililompata mwingine, kama mtu anapomwambia mfiwa kwamba amesikitika. Ya pili ni majuto ya mtu kwa jambo alilolitenda yeye mwenyewe. Ya tatu ni kule kuomba radhi, ambako ndiko mhadhiri wetu mgeni alikodhani amekusikia ngazini. Ya nne ni sifa ya kitu duni au cha kusikitisha, kama nyumba iliyochakaa au udhuru usio na mashiko. Ya tano ni adabu tupu: kumkatiza mtu, kupita mbele yake, au kumtaka arudie alilolisema. Wanaisimu wataiita hali hii polisemia, yaani neno moja kuwa na maana nyingi zenye uhusiano. Hilo si dosari. Lugha zote huishi kwa polisemia, na Kiswahili kwa maneno kama "kupanda" na "kaa" kina kesi zake za maneno yenye maana zaidi ya moja, ziwe zinahusiana au la.

Hatari huanza pale maana mbili za neno moja zinapokuwa na gharama tofauti. Maana ya kwanza hapo juu haimgharimu msemaji chochote. Maana ya tatu humgharimu sana. Mwenye kutamka neno hilo anaweza kulipa kwa sarafu ya maana ya kwanza na kuchukua bidhaa ya maana ya tatu.

Shakespeare aliliona jambo hili. Katika tamthilia ya Macbeth, Tendo la 2, Onyesho la 2, Macbeth anatoka kumuua Mfalme Duncan, anaitazama mikono yake iliyojaa damu, na neno linalomtoka ni hili hili. Hata hivyo, analitumia katika ile maana ya nne: anasifia mandhari anayoyaona, kwamba ni ya kusikitisha. Mkewe anamwambia kwamba kuwaza hivyo ni upumbavu, na wahakiki wengi humlaumu mke kwa ukavu wa moyo. Lakini tumtazame mume pia. Damu ni ya mgeni wake, kisu alikishika yeye, naye anazungumza kama mpita njia aliyekuta ajali barabarani. Sikitiko lake ni la kweli. Hakuna mtazamaji anayelitilia shaka. Kinachokosekana ni mtendaji. Ndani ya neno moja Macbeth amepata mahali pa kuomboleza bila kukiri.

Sarufi ya Radhi

Mfasiri wa Kiswahili anayekutana na "sorry" hana anasa hiyo. Ni lazima achague. Akiandika "pole" amesema jambo moja. Akiandika "nisamehe" au "niwie radhi" amesema jingine. Tofauti hiyo haiko katika msamiati peke yake bali imo katika maumbo yenyewe ya maneno.

Tuanze na sentensi ya Kiingereza, "I am sorry". Nafsi iliyomo ni moja tu, nafsi ya msemaji. Ni taarifa juu ya hali yake ya ndani, sawa na kusema ana njaa au ana baridi. Msikilizaji hayumo. Sasa tutazame "pole". Neno hili ni la ukoo mmoja na "upole" na kitenzi "kupoa". Tunamtakia aliyepatwa apoe, na ndiyo maana katika sehemu nyingi za pwani hujibu, "Nishapoa." Tukiwahutubia wengi tunasema "poleni". Nafsi inayoonekana ni ya msikilizaji; msemaji amejificha, wala hana haja ya kujionyesha kwa kuwa yeye siye mhusika. Ndiyo maana pole hutolewa kwa kazi, kwa safari, kwa maradhi na kwa msiba, bila mtu kuuliza nani aliyesababisha.

"Nisamehe" ni umbo la aina nyingine kabisa. Ndani yake nafsi zote mbili zimefungwa pamoja: anayeamriwa, au tuseme anayesihiwa, ni wewe, anayehitaji kusamehewa ni mimi. Tukiongeza wasikilizaji tunapata "nisameheni". Kitenzi hiki huzaa "sameheana", "samehewa" na "sameheka", na katika kila umbo tunaweza kuuliza nani amemsamehe nani, na kwa lipi. "Niwie radhi" nalo ni vivyo hivyo. "Wia" hapo ni kauli ya kutendea ya kitenzi "wa": uwe kwangu mwenye radhi. Radhi ni mali ya msikilizaji. Anaweza kuitoa, na anaweza kuinyima.

Hapa ndipo tunapolipata jambo ambalo makala haya yanalitetea. Anayesema "I am sorry" ametoa taarifa, na taarifa hukamilika pindi inapotamkwa. Anayesema "nisamehe" ametoa ombi, na ombi halikamiliki mpaka mwingine ajibu. Wa kwanza amemaliza kazi yake. Wa pili ameiweka mikononi mwa yule aliyemdhulumu. Kwa muda mfupi aliyekuwa na nguvu anakuwa mhitaji, na aliyekuwa hana nguvu anakuwa mwenye neno la mwisho. Kugeuka huko kwa mizani ndiko kiini cha kuomba radhi. Pasipo huko kugeuka, yaliyobaki ni maelezo ya hisia.

Mwanafalsafa wa Oxford, J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955, iliyochapishwa mwaka 1962 baada ya kifo chake, alionyesha kwamba kuna semi ambazo kuzitamka ni kutenda: kuahidi, kubatiza, kuusia. Kuomba radhi ni mojawapo. Katika kuzipanga semi hizo Austin aliliweka tamko "I am sorry" katikati, nusu likiwa tendo na nusu likiwa maelezo. Uainishaji huo ni wa haki kwa Kiingereza. Lakini mtu aliyekulia katika Kiswahili anaweza kuongeza kwamba si lazima kila lugha iwe na chumba hicho cha katikati, na kwamba wapo watu wanaopenda kuishi humo kwa sababu maalumu.

Neno Linapotamkwa na Dola

Sababu hizo huonekana waziwazi pale anayesema si mtu mmoja bali ni dola. Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa China alipoteza maisha, na Wamarekani 24 wakazuiliwa. Baada ya siku kumi ulipatikana ufumbuzi, nao ulikuwa wa kilugha: barua ya Marekani iliyosema mara mbili kwamba nchi hiyo ilikuwa "very sorry". China iliipokea kama kuomba radhi na ikawaeleza hivyo raia wake. Marekani ikawaeleza raia wake kwamba haikuomba radhi kwa kuwa haikuwa na kosa. Kila upande ulichukua maana iliyoufaa, na mabaharia wakarudi makwao. Wanadiplomasia wana haki ya kujivunia ustadi huo. Hata hivyo, maridhiano yaliyosimama juu ya kutokuelewana ni maridhiano ya namna gani?

Nchini Australia neno hili lilizua mjadala wa taifa zima. Ripoti iliyotolewa mwaka 1997 ilieleza jinsi watoto wa wenyeji wa asili walivyotenganishwa na wazazi wao chini ya sera za serikali. Mwaka 1999 Waziri Mkuu John Howard aliwasilisha bungeni hoja iliyoeleza majuto mazito na ya dhati, lakini akakataa katakata kutamka "sorry" kwa niaba ya taifa. Ilipofika tarehe 13 Februari 2008, mrithi wake Kevin Rudd alilitamka bungeni, na waliokuwa wakilingoja wakalia. Mtu wa nje anaweza kuuliza: majuto mazito na neno hilo vina tofauti gani? Tofauti ilikuwa katika yale ambayo kila upande ulijua yanafuatana na neno. Tena, katika Kiingereza cha wenyeji wa asili wa nchi hiyo, "sorry business" ni shughuli ya matanga na maombolezo. Kwao neno lilikuwa tayari limebeba msiba. Walichokidai ni kwamba libebe pia kosa. Siku ile Rudd hakutangaza mfuko wa fidia, na mjadala juu ya deni uliendelea.

Sisi wa Kenya hatuna haja ya kwenda mbali. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya kizuizini ya Hola, na maelezo ya kwanza ya serikali ya kikoloni yalidokeza kwamba vifo vilitokana na maji waliyokunywa. Nusu karne baadaye, wazee waliopitia kambi za wakati wa Hali ya Hatari waliifikisha serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu mjini London. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, aliliambia bunge la nchi yake kwamba serikali inatambua kuwa Wakenya waliteswa, na kwamba inajuta kwa dhati kuwa mateso hayo yalitokea. Akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa walalamishi 5,228. Katika taarifa hiyohiyo akasema kwamba serikali inaendelea kukana dhima ya kisheria kwa matendo ya utawala wa kikoloni.

Mhakiki wa fasihi amezoea kutazama nani ni mtenda na nani ni mtendwa katika sentensi. Katika maelezo hayo mateso "yalitokea", kama mvua inavyonyesha. Anayejuta yupo, anayetesa hayupo. Tarehe 31 Oktoba 2023, katika dhifa ya Ikulu ya Nairobi, Mfalme Charles wa Tatu alikwenda mbali zaidi. Alisema kwamba maovu yaliyopita yanampa huzuni kubwa kabisa na majuto ya ndani kabisa, na kwamba ukatili uliotendwa hauna udhuru. Ni maneno mazito, na hatuna sababu ya kuutilia shaka moyo uliyoyasema. Lakini ni maneno ya yule anayesema juu ya nafsi yake. Hakuna mahali ambapo mzee wa Nyeri au wa Murang'a aliulizwa chochote, akaachiwa nafasi ya kujibu ndiyo au la.

Hoja ya Mrithi

Patakuwa na msomaji atakayepinga, na upinzani wake ni wa haki. Mtu huwezaje kuomba radhi kwa kosa ambalo hakulitenda? Aliyekuwa mtoto mwaka 1952, au hakuwa amezaliwa, hana cha kukiri. Anachoweza kutoa kwa ukweli ni pole. Akitoa zaidi ya hapo amejifanya mkosaji wa bandia. Kwa mtazamo huu, "sorry" yenye utata ndiyo lugha adilifu kupita zote, kwa kuwa humruhusu mrithi ahuzunike bila kusema uongo.

Hoja hii ina nguvu inapomhusu mtu binafsi. Inapohusu dola, inalegea. Dola hupokea ikulu, hazina, mikataba na heshima kutoka kwa waliotangulia, wala haisemi kwamba mali hiyo ilichumwa na watu wengine. Katika sheria ya mirathi ya Kiislamu, inayofahamika vyema katika pwani yetu, madeni ya marehemu hulipwa kabla ya warithi kugawana chochote. Mrithi hahesabiwi kuwa ndiye aliyekopa. Lakini hana ruhusa ya kuchukua shamba na kuliacha deni kaburini. Anayesema kwa kiti anakiri kwa niaba ya kiti.

Kwamba hilo linawezekana, tumelishuhudia. Siku moja tu baada ya dhifa ya Nairobi, tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, kusini mwa Tanzania, mbele ya wajukuu wa waliouawa katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, akaomba msamaha kwa waliyoyatenda Wajerumani huko. Naye alikuwa amezaliwa miaka mingi baada ya vita hivyo. Hakusema kwamba alikuwapo. Alisema ombi, na ombi lina mwenye kuombwa. Hatudai kwamba ombi hilo lilimaliza jambo. Masuala ya mafuvu yaliyochukuliwa na ya fidia hayaishi kwa hotuba. Tunadai tu kwamba ombi hufungua mlango ambao huzuni, hata iwe kubwa kiasi gani, huuacha umefungwa.

Fasihi yetu imekwisha kulionyesha hili kwa uwazi kuliko hotuba zozote. Katika riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, A Grain of Wheat, iliyochapishwa mwaka 1967, Mugo anangojwa kama shujaa katika mkutano wa sherehe za Uhuru. Badala ya kupokea sifa, anasimama na kukiri mbele ya umati kwamba yeye ndiye aliyemsaliti Kihika. Ukweli wenyewe ameutia mikononi mwao, wamfanye watakalo. Karanja, aliyetumikia wakoloni, huondoka bila neno la namna hiyo. Msomaji anafunga kitabu akiwa na heshima kwa Mugo, ingawa kosa lake ni kubwa mno, kwa kuwa hakuacha chumba cha katikati cha kujificha.

Mizani ya Nyumbani

Itakuwa kujidanganya tukisema kwamba Kiswahili kimetukinga na unafiki. Kwanza, "samahani" nayo imechakaa kwa matumizi, na sasa hutangulia kuuliza saa au njia. Pili, katika mazungumzo ya miji yetu kumeingia neno "sori", ambalo limeimeza pole na radhi kwa pamoja. Tumeona kwamba "I am sorry" ina nafsi moja, "pole" ina nafsi moja, na "nisamehe" ina mbili. "Sori" haina hata moja. Halipokei kiambishi cha nafsi, halinyambuliki, halimtaji anayesema wala anayeambiwa. Dereva aliyekuchafua kwa maji ya dimbwi atakupungia na kusema "sori". Karani aliyepoteza faili yako atasema "sori" huku akimwita anayefuata.

Tatu, na hili ni zito zaidi, lile ombi tulilolisifu linaweza kugeuzwa kuwa shuruti. Ni mara ngapi wazee wamekaa kikao, mkosaji akatamka "nisamehe" kwa shingo upande, kisha macho yote yakamgeukia aliyekosewa: msamehe basi, yaishe? Hapo mizani haikugeuka hata kidogo. Aliyedhulumiwa ameongezewa mzigo wa pili, maana akikataa ataitwa mwenye roho ngumu. Funika kombe mwanaharamu apite, tunasema, na kombe linafunikwa juu ya kidonda kibichi. Lakini wahenga hao hao walituonya: mwenye kovu usidhani kapoa. Ombi ni ombi pale tu anayeombwa ana uhuru wa kukataa bila kuadhibiwa.

Nne, radhi inayoombwa bila kurudishwa kilichochukuliwa ina upungufu. Wanazuoni wa Kiislamu hufundisha kwamba toba ya kosa baina ya mja na mja haitoshi kwa majuto na azma ya kutorudia. Haki ya mwenyewe lazima irudishwe, au yeye mwenyewe aisamehe. Tarehe 26 Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta, akilihutubia bunge, aliomba radhi kwa niaba ya serikali yake na zote zilizotangulia kwa dhuluma zilizotendwa dhidi ya Wakenya, akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa ajili ya haki rejeshi. Kwa maneno, tendo lile lilikuwa kamili kuliko lile la London la 2013: mkosaji alitajwa. Lakini miaka ikapita, manusura wakiendelea kuudai mfuko huo. Uingereza ilitoa fedha bila kuomba radhi, nasi tukaomba radhi bila kutoa fedha. Jino la pembe si dawa ya pengo, liwe limechongwa Uingereza au limechongwa hapa.

Ili mwandishi wa makala haya asionekane kuwahubiria wengine, na alieleze lake. Miaka kadhaa iliyopita alipoteza alama za mtihani za mwanafunzi mmoja. Zilipopatikana, orodha ya mahafali ilikuwa imefungwa, na mwanafunzi yule akangoja mwaka mzima, akakosa kazi aliyokuwa ameahidiwa. Mwandishi alimwambia, "Sori sana." Mwanafunzi akajibu, "Haidhuru, Mwalimu." Kwa muda mrefu mwandishi aliyahesabu majibu hayo kuwa ni msamaha. Hayakuwa msamaha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameuomba. Yalikuwa adabu ya mtu ambaye hakuachiwa nafasi ya kusema lolote jingine. Alipokuja kumtafuta na kumwambia, "Mimi ndiye niliyekosa, naomba uniwie radhi," yule mwanafunzi wa zamani alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba atafikiri. Hadi leo hajajibu. Ni haki yake.

Hitimisho

Makala haya hayakukusudia kuikweza lugha moja juu ya nyingine. Kiingereza kina maneno ya kuomba radhi bila utata, na mwenye kutaka huyatumia. Kiswahili nacho kina vichaka vya kujifichia. Tulichojaribu kuonyesha ni kwamba kusikitika na kukiri ni matendo mawili, na kwamba neno linaloyafunika yote mawili humpa mwenye nguvu fursa ya kutenda la kwanza na kuhesabiwa amekwisha tenda la pili.

Kwa wafasiri, wahariri na walimu, jukumu linalotokana na haya ni dogo lakini halikwepeki. Anayefasiri huzuni ya kiongozi kwa kuandika "aliomba radhi" amempa msemaji sifa ambayo hakuilipia, na amemnyang'anya msikilizaji swali ambalo bado ana haki ya kuuliza. Anayeandika "alisema amesikitika" ameliacha deni lionekane lilipo. Na mwanafunzi wetu wa ngazini? Tusiharakishe kumsahihisha. Alikuwa ametoa pole kwa mtu ambaye hakumwangusha, na alijua vyema kwamba hilo ndilo alilokuwa akilitoa.